Sanduku la Chai, Kikapu cha Samaki

Vijana wa chumba cha kuonjea chai wameniomba niandike kidogo kuhusu kazi "kabla hujasahau, Mzee Kidiga." Wanasema hivyo kwa heshima. Najua wanamaanisha kabla sijafa. Nimestaafu tangu mwezi uliopita, na mke wangu ameshachoka kuniona nyumbani mchana nikimkosoa namna anavyochemsha maji. Kwa hiyo nimekaa hapa kwenye meza ya jikoni na kalamu, ili mimi nipate kazi na yeye apate amani. Habari za vyeo sitaandika. Vyeo husomwa mazishini, na siku hiyo mtakuwa na nafasi ya kutosha.

Nilifika kiwandani Kericho miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka Maragoli, kijana mwembamba mwenye suruali moja nzuri. Mjomba wangu, aliyekuwa akichuma majani upande wa Kiptere, aliniambia kwamba kiwandani wanataka watu safi. Hilo neno "safi" ndilo lililoniponza. Asubuhi ya kwanza nilioga mara mbili kwa sabuni nyekundu ya hospitali, nikapaka nywele mafuta ya manukato ya kuazima, nikaenda kazini nikinukia kama bwana arusi. Mlangoni nilimkuta mzee mmoja mrefu, Mkipsigis, koti lake la kaki limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Huyo alikuwa arap Too, mkuu wa kutengeneza chai. Hakunisalimu. Alininusa.

"Wewe umetoka wapi? Kwa arusi?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kazi."

"Pasi rudi nje. Kaa kwa upepo mpaka usinuke kitu."

Nilikaa juu ya rundo la kuni za tanuri hadi wakati wa chakula. Wachumaji walipita na vikapu mgongoni wakiniuliza kama nimefutwa kazi hata kabla sijaandikwa. Mjomba alipita pia, akajifanya hanijui.

Sababu yake mnaijua ninyi, lakini mimi sikuijua. Chai iliyokaushwa hunyonya harufu yoyote iliyo karibu, kama kitambaa kinavyonyonya maji, na ikishanyonya haiachi. Arap Too alipiga marufuku vitunguu, machungwa, sigara, rangi ya viatu, na karani mmoja wa uzani aliyependa kutafuna karafuu. Mtu akila kitunguu Jumapili nyumbani kwake, Jumatatu alipelekwa kupasua kuni. Hakuna aliyeweza kukana. Pua ya mzee yule ilikuwa korti isiyo na rufaa.

Ndiye aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Alinishika mkono akauzamisha ndani ya majani yaliyosagwa, nikasikia joto likipanda taratibu. Akaniinamisha ninuse, mara baada ya mara, mpaka nikajua wakati ile harufu ya nyasi mbichi inapoondoka na nyingine kama ya tunda lililoiva inapoingia. "Hapo," alikuwa akisema. "Hapo ndio chai inazaliwa. Ukichelewa, imekufa." Alisema "pasi" kwa "basi" na "kitunkuu" kwa "kitunguu", nami nikasema mambo ya Kimaragoli ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tuliumiza Kiswahili kila mtu kwa upande wake, na labda ndiyo sababu tulielewana vizuri.

Baadaye akanipeleka chumba cha kuonjea: vikombe vyeupe vyenye vifuniko, birika, kijiko kirefu na ndoo ya kutemea. Unavuta chai kwa nguvu hadi ipige kelele mdomoni, unaizungusha, unatema. Nilipomweleza mama yangu kazi yangu mpya, aliniomba nisiwaambie watu wa kanisani kwamba nimeajiriwa kutema mate.

Sasa nije kwenye ile siku ambayo ninyi huniuliza kila mara, siku ya ndege.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kiwanda chetu kilikuwa kimetengeneza chai nyingi nzuri baada ya mvua, na yote ilikuwa bado stoo ikisubiri kusafirishwa. Kama kawaida tulitangulizia Mombasa sampuli, ili mwonjaji wa huko aipime kabla ya mnada. Jibu likarudi kwa simu: chai inanuka, msilete. Meneja wetu, Mzungu mwenye uso mwekundu hata siku za baridi, akasema tanuri linavuja moshi wa mafuta na arap Too amezeeka, hasikii tena harufu. Maneno hayo yalisemwa mbele ya watu wote, karibu na mashine. Arap Too alifungua kifungo cha juu cha koti lake, kitu ambacho hatukuwa tumekiona hata siku moja, akaenda kuchota chai moja kwa moja kutoka stoo, akaionja, akanipa.

"Iko harufu?"

"Hakuna, Mzee."

"Pasi hiyo sampuli ilinukishwa njiani."

Ndivyo ilivyokuwa. Tulikuja kujua baadaye kwamba lori la kukodi lililoibeba lilikuwa limepakia pia mitungi ya mafuta ya taa. Lakini wakati ule hatukuwa na ushahidi, na meneja alikuwa ameshaamua. Mwonjaji alikubali kupima sampuli nyingine kama ingefika mikononi mwake Ijumaa kabla ya kufunga ofisi. Isipofika, au ikinuka tena, arap Too angeondoka. Na mtu akiondoka kiwandani alitoka pia kwenye nyumba ya kampuni, na watoto wake wakatoka kwenye shule ya kampuni. Mzee alikuwa na watoto watano, na mdogo ndio kwanza alikuwa ameanza kusoma.

Siku iliyobaki ilikuwa moja. Njia ilikuwa ndege: Kisumu hadi Nairobi, Nairobi hadi Mombasa. Arap Too hakutaka kwenda. "Nikienda mimi, watasema nimekuja kulia," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi sio kuku, niruke." Nikateuliwa mimi, ambaye kitu kirefu zaidi nilichokuwa nimepanda ni mti wa mparachichi.

Alifunga mikebe miwili ya chai ileile, akaipanga ndani ya sanduku dogo la mbao, akalizungushia blanketi lililofuliwa kwa maji matupu. "Mmoja ni wa mwonjaji," akasema. "Mwingine ni wa mpaya." Maana yake bahati mbaya. Akanipa amri zake: nisiliweke chini, nisiliweke juu, nilishike mapajani kama mtoto. Na nisimwambie mtu yeyote kwamba ni chai, kwa sababu watu wa nchi hii wakisikia chai wanatafuta kikombe.

Mimi na dereva tuliondoka alfajiri kwa pikapu ya kiwanda, tukateremka Sondu, tukapita Katito na Ahero, joto likipanda kila tulipoteremka. Kule uwanjani Kisumu walipima mizigo, kisha wakapima na abiria. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mkubwa wa mwili, kitambaa cha njano kichwani, na kikapu kilichofunikwa kwa gunia. Karani alimwomba apande kwenye mizani.

"Mimi sio pamba," mama akasema.

"Ni sheria, Mama."

"Sheria inataka kujua nini? Kama nimeshiba?"

Alipanda mwishowe, akiwa amekumbatia kikapu chake, na karani akaandika kitu bila kumwangalia usoni. Upepo ukapita. Gunia likainuka kidogo. Nikasikia harufu. Ilikuwa ya ngege, samaki wa ziwani, waliokaushwa kwa moshi, wengi, wanono, labda wa jana. Kwa mtu mwenye njaa ingekuwa harufu ya baraka. Mimi nililikumbatia sanduku langu, nikaomba Mungu mama yule awe anakwenda Uganda.

Tuliingia ndani ya ndege na kiti chake kikawa kando ya changu.

Jina lake lilikuwa Mama Awuor. Alikuwa na kibanda cha samaki sokoni Kisumu, na alikuwa akienda Mombasa kwa binti yake aliyejifungua mtoto wa kwanza. Mkwewe alifanya kazi bandarini, na ndiye aliyemtumia tikiti. Yote hayo niliyajua kabla injini hazijawashwa. Nilimwomba mhudumu, msichana mwenye kofia ndogo iliyobandikwa upande wa kichwa, anibadilishie kiti. Mama Awuor akageuka.

"Kwa nini? Samaki yangu inanuka?"

"Hapana, Mama."

"Hainuki?"

Hapo hakuna jibu zuri. Nikisema inanuka nimemtukana, nikisema hainuki nimesema uongo, na mbaya zaidi nimekubali kubaki. Mhudumu alitabasamu, akasema ndege imejaa, akasukuma kikapu chini ya kiti, sentimita chache kutoka miguuni mwangu. Nikavua koti nikalifunikia sanduku juu ya blanketi. Mama Awuor alitazama.

"Kuna nini ndani?"

"Kitu ya kazi."

"Kitu ya kazi yenye inavaa blanketi na koti?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni nyoka?"

"Hapana."

"Ni mtu?"

Alisema neno hilo la mwisho kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona. Bwana aliyekaa mbele yetu akageuza shingo. Wakati huohuo propela zikanguruma, ndege ikakimbia, ikaruka, na Mama Awuor, aliyekuwa na maneno ya kumtosha karani wa Kisumu, akafumba macho na kunishika mkono kwa nguvu zote. Hakuuachia hadi tulipovuka bonde. Kila ndege iliposhuka ghafula, alivuta pumzi na kusema, "Wewe mwenye mtu kwa sanduku, mwombe Mungu, wewe uko karibu naye." Nilijaribu kumwambia hakuna mtu. Nikakumbuka amri ya arap Too, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kukawa ndio ushahidi. Tulipokaribia Nairobi, abiria wa mbele walikuwa wameshaambizana kwamba yule Mluhya wa nyuma amebeba kichwa cha mtu.

Kwa hiyo haikunishangaza sana kumkuta askari akinisubiri chini ya ngazi.

Alikuwa mtu mpole, Mkamba wa makamo, aliyeonekana kuona aibu kwa swali alilolazimika kuuliza. Alinipeleka chumba kidogo ambacho sakafu yake ilikuwa imetoka kupakwa nta, na watu wawili walikuwa wakivuta sigara. Akasema, "Fungua."

Nikamwambia, "Afande, tafadhali, nifungulie nje kwa upepo."

"Kwa nini nje?"

"Harufu."

Wale wavutaji sigara waliinuka wakatoka. Nilitambua nilichosema baada ya kukisema.

Tulikwenda nje, nyuma ya kantini, na Mama Awuor akatufuata na kikapu chake. Hakuwa ameitwa na mtu, lakini alikuwa amekaa na lile sanduku njia nzima na alitaka kuona mwisho wake. Nikaondoa koti, blanketi, kifuniko. Mikebe miwili. Askari akafungua mmoja, akachungulia.

"Haya ni majani."

"Ni chai."

"Majani ni majani, bwana. Kuna majani ya aina nyingi."

"Afande, mimi natoka Kericho!"

"Na mimi nimewashika watu kutoka kila mahali."

Kulikuwa na njia moja tu ya kumaliza maneno hayo. Mpishi wa kantini alichukua chai yangu, ile iliyochumwa majani mawili na chipukizi baada ya mvua, iliyozaliwa katika dakika yake sawasawa chini ya pua ya arap Too, akaitumbukiza ndani ya sufuria ya maziwa iliyokuwa tayari na sukari, akaiacha ichemke mpaka ikawa na rangi ya matofali. Niligeuka nisitazame. Askari alikunywa kikombe kimoja polepole, kwa makini sana, kama anayepima ushahidi. Akanywa cha pili.

"Hii ni chai," akatangaza. Akaomba cha tatu ili awe na hakika.

Mkebe wa mpaya ukaisha hapo. Mwingine sikuruhusu mtu aufungue, na yule askari, kwa haki yake, alinisaidia mwenyewe kuufunga blanketi.

Mama Awuor alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda akinywa kikombe chake. Alikuwa amevunjika moyo kidogo kwamba hapakuwa na kichwa.

"Hii ndio umebeba kama yai kutoka Kisumu?"

"Ndiyo, Mama."

"Chai? Si kila duka iko na chai?"

Basi nikamweleza. Siri ilikuwa imeshanywewa, sikuona faida ya kuificha. Nilimwambia habari ya kazi yangu ya kuonja na kutema, ya arap Too, ya meneja na maneno aliyosema mbele ya watu, ya kifungo cha koti. Nikamwambia kuhusu nyumba ya kampuni na yule mtoto mdogo aliyeanza shule. Aliacha kunitania. Alikunywa chai yake hadi mwisho, akatazama majani yaliyobaki chini ya kikombe.

"Kwa hivyo samaki yangu ingeweza kumfukuza huyo mzee kazi."

"Ingeweza, Mama."

"Na wewe ulisema hainuki."

Tulingoja ndege ya Mombasa tangu asubuhi hadi jua likapita utosi. Mara ndege inakuja, mara ndege ina ugonjwa wa injini. Watu walilala kwenye mabenchi, midomo wazi. Miguu yangu ilivimba ndani ya viatu nilivyoazima. Nilikuwa nimelishika sanduku muda mrefu mpaka mikono ikafa ganzi, na kila nilipofikiria kuliweka chini nilimwona yule mzee na koti lake. Mwisho karani akaja akasema ndege kubwa haitaenda. Kuna ndogo, ya barua, inaweza kuchukua watu wachache wenye haraka. Nilikwenda mbio hadi kwenye meza. Mama Awuor alikuwa nyuma yangu, akihema.

Karani alitutazama, akatazama karatasi yake, akamtazama tena Mama Awuor, lakini alikuwa na akili, hakutaja mizani.

"Nafasi zimebaki mbili," akasema. "Ila uzito umefika mwisho. Naweza kubeba mzigo mmoja tu kati yenu. Sanduku au kikapu. Mwingine utakuja kesho."

Samaki wale walikuwa supu ya mzazi. Mama alikuwa amewachagua mmoja mmoja, amewakausha mwenyewe, amewabeba tangu usiku kwa ajili ya binti yake wa pekee aliye mbali na ziwa. Mimi nilikuwa mtu ambaye asubuhi yote nilikuwa nimekunja pua. Nilimwona akikitazama kikapu, kisha akatazama blanketi langu.

"Sanduku iende," akasema.

"Mama, hapana. Mtoto wako—"

"Mtoto wangu amezaa, hajafa. Yeye iko na bwana iko na kazi. Huyo mzee wakimfukuza, anaenda wapi na hiyo watoto?" Akavuta kikapu akakiinua juu ya meza ya karani, karani akarudi nyuma. "Lakini samaki yangu hailali peke yake Nairobi. Watu wa hapa siwajui."

Akaanza kuwagawa hapo hapo. Alimpa mpishi wa kantini, akampa na maagizo ya kupika. Akawapa wanawake wawili waliokuwa wakipiga deki. Akamwita askari wetu, naye akaja na kofia mkononi, akapewa wawili kwa sababu alikuwa amesema ukweli kuhusu chai. Hata karani alipata wake, akamfunga ndani ya gazeti. Abiria waliolala waliamshwa na harufu, wengine wakaamka na njaa, nao wakapewa. Nimeona harambee nyingi tangu siku ile, sijaona iliyofanywa haraka hivyo. Mwishowe alibakisha samaki mmoja, mkubwa kuliko wote. Akamfunga kwa leso, akamtia kifuani mwa gauni lake, akasema huyo hana uzito wa kupimwa na karani yeyote.

Safari ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Ndege ilikuwa ndogo, tulikaa goti kwa goti na magunia ya barua, na juu ya nyika joto lilikuwa likiirusha kama ungo. Mama Awuor safari hii hakufumba macho. Alikuwa amenigeuzia mgongo wote, shavu kwenye dirisha. Nilidhani ameudhika. Kumbe alikuwa akimweka yule samaki mbali na sanduku kadiri mwili wake ulivyoruhusu, na alikaa hivyo, shingo imepinda, hadi mwisho. Mimi nilitapika kwenye mfuko. Alisikia, akasema bila kugeuka, "Si wewe umesema kazi yako ni kutema?"

Mombasa tuliagana kwa haraka. Alinielekeza nyumba ya mkwewe, mtaa wa Makupa, nyuma ya msikiti, mlango wa buluu. Nikakimbia.

Mwonjaji alikuwa Mhindi mwembamba, mwenye miwani, aliyezaliwa hapo hapo mjini, na alikuwa ameshachukua kofia yake kutoka msumarini. Aliirudisha bila kunung'unika. Nilifungua blanketi, sanduku, mkebe. Alinusa kavu. Akachemsha maji, akapima, akamimina, akafunika. Nilijua kila kitu alichokuwa akifanya, kwa hiyo nilijua pia kila mahali ambapo angeweza kukunja uso. Akafunua kifuniko, akanusa majani yaliyolowa. Akavuta kijiko cha kwanza kwa ile kelele, akatema. Akavuta cha pili. Akanusa tena, safari hii hewani, akageuza kichwa kushoto na kulia, akakunja paji la uso.

Alikuja hadi karibu yangu.

"Bwana," akasema, "chai yako ni safi kabisa. Ni wewe wanuka samaki."

Nilicheka hadi nikakaa chini sakafuni, na yule bwana, ambaye nadhani hakuwa amezoea kuona watu wakicheka katika chumba kile, alinipa kiti na kikombe cha maji. Kisha akainua simu akaongea na meneja wetu. Alisema chai iletwe yote. Akaniuliza jina la aliyeitengeneza, akalitaja kwenye simu mara mbili, kwa matamshi mabaya lakini kwa heshima.

Kesho yake nilikwenda Makupa. Nilikuwa nimenunua samaki wa bahari, mkubwa, mwekundu, ili nilipe kidogo kile kilichotolewa. Mama Awuor alimpokea kwa mikono miwili, akampindua, akamfungua shavu, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hii ni kitu inafanana na samaki," akamwambia binti yake. Akampika hata hivyo, na akala zaidi yangu. Walinipa mtoto nimshike. Alikuwa msichana, na alilala katika mapaja yangu bila wasiwasi. Mama akasema, bila shaka, mimi nimezoea kushika vitu.

Nilirudi kwa treni. Sikuombwa, nilichagua mwenyewe.

Arap Too alikuwa kazini nilipofika, vifungo vyote vimefungwa. Meneja alikuwa amekwisha kuzungumza naye. Aliongea nini sijui, ila tangu siku ile hakupaza sauti tena karibu na mashine. Mzee alinisikiliza nikimsimulia safari yote, nikadhani atasema asante, au kazi nzuri. Alisema, "Askari aliweka maziwa?" Nikajibu ndiyo. Akafumba macho kama mtu aliyepewa habari ya msiba, akarudi kwa majani yake.

Lakini mwezi uliofuata, Jumamosi moja, alinijia nyumbani amevaa koti jipya. Mkononi alikuwa na kibuyu kikubwa cha mursik, maziwa ya kwao ya kugandishwa kwa mkaa, kilichopambwa shanga shingoni.

"Huyo mama amerudi Kisumu?"

"Nimesikia amerudi, Mzee."

"Pasi twende."

Hakuwa amewahi kuteremka kwenda kwa Wajaluo maisha yake yote. Njiani aliniambia kwamba babu yake aliibiwa ng'ombe na watu wa huko, upande wa Sondu, na kwamba angetazama kwa macho kama bado wapo. Tulimkuta Mama Awuor kwenye kibanda chake, katikati ya samaki waliopangwa kama vigae. Nikawatambulisha. Wazee wale wawili walitazamana kwa muda, kila mmoja akimpima mwenzake toka chini hadi juu.

"Wewe ndio mwenye chai," akasema Mama Awuor.

"Wewe ndio mwenye samaki."

Arap Too akamweleza habari ya ng'ombe za babu yake, ili jambo hilo liwe limesemwa. Mama Awuor akamjibu kwamba babu huyohuyo ndiye aliyeanza. Hilo likaisha. Kisha mzee akampa kibuyu kwa mikono yote miwili, akiwa ameinama kidogo. Sijawahi kumwona akimwinamia mtu. Mama akafungua kizibo, akaweka pua. Harufu ya moshi na maziwa makali ikampanda usoni. Macho yakamtoka machozi. Lakini alikuwa mama mwenye adabu. Aliinua kibuyu akanywa, akameza, akanywa tena, akafuta mdomo, akamtazama mzee usoni.

"Na hii," akauliza, "inaweza kwenda na ndege?"

Mimi nilisubiri kuona kama mzee amekasirika. Arap Too alitazama kibuyu, akatazama samaki, akaanza kucheka, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake. Mama Awuor akacheka pia, mkono kiunoni, mpaka majirani wa vibanda wakasimama kutazama. Wote wawili walikuwa wameng'olewa meno ya mbele ya chini ujanani, mmoja kwa desturi ya kwao, mwingine kwa desturi ya kwao, na walisimama pale sokoni wakionyeshana mapengo.